Harufu ya Bweni

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa moja kasoro robo asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya mabati kwa adabu, kana kwamba yanaogopa kuwaamsha watu, Mkaguzi wa Mizani na Vipimo aliketi ukingoni mwa kitanda chake na kuukagua mkono wake wa kushoto. Vipele vitatu vilikuwa vimejipanga chini ya kiwiko katika mstari ulionyooka, kila kimoja kikiheshimu nafasi ya mwenzake, kama wanafunzi walioamriwa kusimama gwaride. Jambo la kwanza alilolihisi, kabla hata ya mwasho, lilikuwa kuridhika na mpangilio ule.

Mtaa mzima ulimwita Kiranja. Jina hilo hakupewa na mtaa; alihamia nalo kutoka shule ya bweni, alikokuwa kiranja wa bweni, na alilitunza kama wengine wanavyotunza cheti cha ndoa. Mvi zilikwisha kumwota, lakini bado alitandika kitanda kila alfajiri jinsi alivyofundishwa: shuka imevutwa hadi ukiigonga inaitika kama ngoma, pembe zimekunjwa kama bahasha, mto umekaa katikati kama hakimu. Enzi zake ngao ya bweni safi haikuwahi kwenda bweni jingine, naye hakuchoka kuwakumbusha hilo watu ambao hawakuuliza.

"Mbu," alitangaza.

Mkewe, muuza dawa katika duka la dawa la barabara ya pili, alikuwa akifunga kilemba mbele ya kioo. Aligeuka, akautazama mkono.

"Mbu gani huyo anayeuma kwa rula?"

"Mbu mwenye nidhamu."

"Chandarua hakina tundu hata moja, baba. Na mbu akishakunywa anaondoka zake. Huyu ameuma, amesogea, ameuma, amesogea. Kama mteja anayeonja ndizi sokoni asinunue."

"Basi ni ile sabuni mpya."

"Sabuni imekuosha mkono mmoja?"

Hakungoja jibu. Alimnyanyua yule hakimu, yaani mto, akaugeuza. Kwenye mshono wa foronya palikuwa na vidoa vyeusi vilivyosongamana, mithili ya mahali mtu alipopumzisha kalamu ya wino akisaka jibu la hesabu. Alilowesha kidole, akasugua kimoja. Kikasambaa na kuacha rangi ya kahawia. Kwenye shuka, upande wa ukutani, palikuwa na alama ndogo ya damu iliyokwisha kuwa rangi ya kutu.

"Kunguni," alisema.

Kiranja alisimama, kama mtu aliyesikia wimbo wa shule ukitukanwa.

"Mke wangu, chagua maneno. Katika nyumba hii? Kunguni ni matokeo ya tabia. Penye uzembe ndipo wanapoandikishwa. Hapa pana nidhamu."

"Kunguni hajui nidhamu," mkewe akajibu akichukua mkoba wake, "anajua damu." Na akaenda kazini.

Sasa, mtu wa haki huuliza: nini kipya kimeingia nyumbani? Kiranja alijiuliza hivyo, na si haba. Kwa mwezi ule vitu viwili vilikuwa vimeingia. Kimoja kilikuwa godoro la shemeji yake, mdogo wa mkewe, binti fundi wa kushona makochi na mito, ambaye mtaa ulimwita Sindano kwa kazi yake na, wengine walisema, kwa ulimi wake. Paa la chumba chake cha kupanga, kule mwisho wa mtaa, lilikuwa likibadilishwa, naye akaombewa na dada yake chumba cha uani mpaka mafundi wamalize. Alikuja na cherehani, mkasi, na godoro.

Cha pili kilikuwa ubao. Shule ya Kiranja iliadhimisha miaka yake mingi, ikaamua kutupa vitanda vya mbao vya mabweni na kuweka vya chuma, na wanafunzi wa zamani wakaalikwa kuviaga. Wenzake walipiga picha wakaondoka. Kiranja aliondoka na kitanda chake. Alikitambua kwa namba ishirini na saba aliyoichonga mwenyewe kwa ncha ya bikari, kosa pekee la nidhamu alilowahi kulitenda na ambalo alilijivunia kwa siri. Seremala alikata ule upande wenye namba, akaukaza kwa skrubu kichwani mwa kitanda cha ndoa, na tangu hapo Kiranja alilala chini ya ujana wake.

Ubao ule ulikuwa na harufu. Haikuwa mbaya: ilikuwa tamu, nzito, yenye ukungu kidogo, kama tunda lililosahauliwa ndani ya sanduku la bati. Kila alfajiri, kabla ya kutandika, Kiranja aliusogezea pua na kuvuta pumzi, macho yamefumbwa. Harufu ya bweni! Aliyesoma bweni, alipenda kusema, haisahau. Asiyesoma bweni, usijisumbue kumweleza.

Vitu viwili, basi. Mkaguzi alihesabu kimoja.

Manyunyu yalikuwa yamekatika alipofika uani na kusimama mlangoni kwa Sindano, mikono mgongoni. Cherehani ilinyamaza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Shemeji, godoro lako hilo lina umri gani?"

"Ee! Mimi mwenyewe hujawahi kuniuliza umri, leo unaanza na godoro?"

"Kuna kunguni."

"Pole. Umewaona wapi?"

"Chumbani kwetu."

"Basi mbona umekuja chumbani kwangu?"

Kiranja alikohoa. "Kunguni hawaoti kama uyoga, shemeji. Huletwa."

"Hapo umesema kweli. Sasa wa kuletwa utawajua kwa kutafuta. Hili hapa godoro. Lifungue, pekua mshono kwa mshono, mimi nitakushikia taa. Tukimaliza twende tukapekue la kwenu."

"La kwetu linatandikwa kila siku."

"Sijauliza kutandikwa."

Pale ndipo Kiranja alipokosea, na alikosea kwa kichwa kilichoinuliwa. Kupekua kitanda chake mwenyewe kungekuwa kukiri kwamba kinaweza kushukiwa. Alitoa hukumu: godoro liondoke uani siku hiyohiyo, na kwa kuwa godoro haliwezi kuondoka peke yake, mwenye godoro alifahamu.

Sindano hakulia wala hakupaza sauti. Alilikunja godoro, akalifunga kwa kamba ya katani, akajitwika kichwani. Ilikuwa saa sita mchana. Mawingu yalikuwa yamefunguka na mtaa wote ulikuwa nje ukianika vilivyonyeshewa. Mlangoni aligeuka, pole pole, kwa sababu ya mzigo.

"Nimelibeba godoro langu kichwani mchana kweupe, watu wakinitazama, na hukulifungua hata uzi. Hilo ni deni, shemeji. Sikudai leo. Lakini nitakudai."

Ng'ambo ya barabara kinyozi alisimamisha mashine yake juu ya utosi wa mteja. Kibanda chake ndicho kilichokuwa redio ya mtaa, na matangazo hayakuwa na saa.

"Sindano! Unahama au unahamishwa?"

"Muulize aliyesimama mlangoni."

Akamuuliza. Kiranja angeweza kusema lolote, lakini hakuwahi kusema uongo tangu kidato cha kwanza. "Kunguni," alijibu, neno moja tu, akafunga mlango.

"Loo!" kinyozi akapiga paja. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Neno moja lililotamkwa mbele ya kinyozi halihitaji miguu. Kabla jua halijatua lilikuwa limefika kwa muuza mkaa, na kwa muuza mkaa limepata watoto. Kunguni wa Sindano wakawa wanaruka. Wakawa wamekula kochi zima. Mtu aliyempelekea mito miwili aliifuata, akaipokea kwa ncha za vidole na kuondoka nayo ameinyoosha mbele yake kama anayebeba paka asiyemfahamu.

Lakini pigo lenyewe lilikuwa jingine. Wiki chache nyuma Sindano alikuwa amepata kazi ambayo fundi huiota: mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mpana mwenye maamuzi mafupi, alimkabidhi majora ya vitambaa ashone mifuko ya magodoro ya vyumba vyote. Kwa kazi ile angekodi kibanda cha barabarani, aache kushonea kitandani. Na kuna mahali pamoja duniani ambapo neno kunguni halipaswi kuingia hata kwa utani, napo ni nyumba ya wageni. Mama yule alimtumia ujumbe usioshonwa wala kupigwa pindo: asishone tena, Jumapili ya wiki inayofuata saa sita angekuja kuchukua vitambaa vyake.

Wakati huohuo Kiranja alipigana vita. Shuka zilichemshwa, foronya zikachemshwa, chandarua kikaanikwa, sakafu ya chumba cha uani ikasuguliwa hadi ikapauka. Na kila asubuhi gwaride lilikuwa mkononi, sasa na shingoni pia, likiongezeka askari.

"Ni mabaki ya jeshi lililoshindwa," alimwambia mkewe. "Wenyewe wanajua mwisho wao umefika."

"Mbona mabaki yananenepa?"

"Waliletwa, mke wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, hata kinyozi analijua hilo."

"Ki nguoni mwako," mkewe akasema akichukua mto wake. "Waliosema hivyo hawakusema ki nguoni mwa shemeji yako." Na akahamia kwenye kochi la sebuleni, akalala huko. Vipele vichache vilivyokuwa vimemtoka yeye pia vikanywea, ngozi ikarudi kuwa ngozi. Vya Kiranja vilistawi. Mkaguzi mzima, aliyekuwa na macho ya kuona gramu kumi zilizoibwa chini ya sahani ya mizani, hakuona hilo lilikuwa na maana gani.

Ofisini alikuwa na desturi moja iliyomfanya aogopwe na kuheshimiwa. Kila Jumatatu, kabla ya kwenda sokoni kumnasa muuza unga yeyote, aliyapima kwanza mawe yake mwenyewe, yale ya kigezo ambayo kwayo mizani ya wengine ilihukumiwa. Jiwe la kigezo likipungua kidogo tu, soko zima linaonewa. "Mkaguzi asiyejikagua," aliwafunza wasaidizi wake, "ni mwizi mwenye kitambulisho." Hata wiki ile aliyapima, yakawa sawasawa, akafurahi.

Jumamosi alasiri, jua likipenya dirishani, mkewe aliingia chumbani na kumkuta amepiga magoti juu ya kitanda, pua imegusa namba ishirini na saba, macho yamefumbwa, uso umetulia kama mtu anayesali.

"Unafanya nini?"

"Nakumbuka."

"Kesho saa sita yule mama anakuja kuchukua vitambaa. Mdogo wangu hajala tangu jana."

"Nasikitika," alisema Kiranja, na kwa kweli alisikitika, kama hakimu anavyosikitikia mfungwa. "Njoo unuse. Hujawahi kunusa. Hii ndiyo shule."

Labda ni uchovu uliomfanya mkewe akubali. Alisogea, akanusa mara moja, akarudi nyuma. Akanusa tena, safari hii kama mtu anayenusa maziwa.

"Harufu hii haikuwamo humu kabla ya huu ubao."

"Haikuwamo! Ni ya bweni. Mabweni yote yalinuka hivi."

"Mabweni yote." Alikaa kitandani taratibu. "Niambie kitu, Kiranja. Mlikuwa mnajikuna?"

"Wakati wa usiku, kidogo. Ilikuwa joto la mtihani. Tulielezwa na walimu: mwanafunzi mwenye bidii damu yake huchemka karibu na mtihani."

"Mtihani ulikuwa mara ngapi kwa mwaka?"

Kumbukumbu, ambayo daima ilimjia Kiranja ikiwa imepigwa pasi, safari hii ilimjia na mikunjo yake. Alikumbuka ukaguzi wa Jumamosi: mwalimu wa bweni akipita katikati ya vitanda, akigonga shuka kwa fimbo aisikie ikiitika. Alikumbuka wavulana wakijikuna mwaka mzima, muhula wa mtihani na muhula usio na mtihani, hata wavivu watatu ambao damu zao hazikuwahi kuchemka kwa somo lolote. Na alikumbuka kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtu, si mwalimu, si kiranja, aliyewahi kunyanyua godoro. Kulinyanyua kungeharibu shuka. Ngao waliishinda kwa upande wa juu.

"Mkaguzi asiyejikagua ni nani vile?" mkewe akauliza, kwa upole ambao haukumsaidia.

Kiranja aliinuka, akaleta bisibisi na tochi.

Skrubu ya kwanza ilipotoka, tundu lake lilikuwa jeusi kwa vidoa vilevile vya foronya. Nyuma ya ubao, katika ufa uliokimbia urefu wote wa mbao, maganda mepesi yaliyovuliwa yalikuwa yamerundikana kama mashati ya wanafunzi chini ya kitanda, na kando yake mayai meupe, madogo kuliko chenga za mchele. Kisha, kutoka katika mchongo wa ile saba, alitoka mmoja. Alikuwa bapa, mwekundu wa kahawia, ukubwa wa punje ya dengu; alitembea bila haraka, kama mwanafunzi wa kidato cha mwisho anayejua kwamba kengele haimhusu.

Kiranja alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu awe na kitanda chake mwenyewe, alinyanyua godoro akamulika mshono wa chini. Aliona alichokiona, akalishusha.

"Yote yale," alisema hatimaye. "Miaka yote ile nimeipenda harufu ya kunguni."

Mkewe alijitahidi. Midomo aliibana, mabega yakamsaliti. Akacheka hadi akashika nguzo ya kitanda, kisha akaiachia haraka na kujipangusa mkono.

Ubao ulichomwa uani jioni ileile. Mkewe alimuuliza kama angependa kwanza kuikata ile namba aihifadhi. "Hapana," alisema Kiranja, akiwa amesimama wima mbele ya moto. "Si yangu peke yangu, ni ya kunguni pia."

"Basi kesho asubuhi mapema nenda kamwombe msamaha," mkewe alishauri. "Pita njia ya nyuma, kimya kimya. Ataelewa."

"Nilimhukumu wapi?"

"Mlangoni."

"Saa ngapi?"

Mkewe akaenda kutafuta kamba ya katani, kwa kuwa alimjua aliyeolewa naye.

Jumapili saa sita kasoro, jua la kupasua mawe, mlango wa Kiranja ulifunguliwa. Alikuwa amevaa shati jeupe, tai ya shule na viatu vilivyong'arishwa. Kichwani alikuwa amejitwika godoro la kitanda chake, limevingirishwa ndani ya nailoni nzito, limezibwa ncha zote kwa karatasi ya gundi na kufungwa kwa kamba ya katani, kunguni hata mmoja asipate ruhusa ya kutoka. Mkewe alimfuata nyuma na mwavuli, ambao aliukataa.

Mashine ya kinyozi ilisimama.

"Kiranja! Unahama au unahamishwa?"

"Nahamishwa."

"Na nani?"

"Na kunguni. Ni wangu. Walikuwa wangu tangu mwanzo."

Kinyozi alitoka nje na kitambaa begani. Wateja wake wakatoka, mmoja akiwa amenyolewa nusu. "Haa! Si ndiyo maana wakasema kikulacho..." Akajizuia, akikumbuka alikuwa ameisema dhidi ya nani.

"Malizia," Kiranja alisema chini ya mzigo.

"Ki nguoni mwako, mzee."

"Asante. Irudie kwa sauti. Muuza mkaa hajasikia."

Kinyozi akairudia, tena kwa furaha. Neno likatangulia mbele ya godoro, likirudi kwa njia ileile lililopitia, na mwisho wa mtaa watu walikuwa wakimngoja wakiwa wamejaa madirishani.

Mlangoni kwa Sindano majora ya vitambaa yalikuwa yamekwisha kukunjwa na kupangwa kikapuni, na mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshika mkono mmoja wa kikapu. Chumba chake cha kupanga kilikuwa bado hakina nusu ya paa. Mwanga ulianguka moja kwa moja juu ya cherehani. Sindano alisimama kando yake, mikono mitupu.

"Mama," Kiranja alimwambia mwenye nyumba ya wageni, shingo imekaza, "wiki jana nilisema kunguni mbele ya watu, wakadhani ni wa huyu. Ni wangu. Nimewaleta mwenyewe kwa mikono yangu, nikawasingizia shemeji yangu bila kufungua godoro lake."

"Nimesikia tangu huko kwa muuza mkaa," alisema mama yule. "Umekiri yako, vizuri. Lakini la kwake nani amelitazama?"

"Hakuna. Hilo ndilo kosa langu."

Alitua mzigo nje, mbali na mlango. Alijikung'uta, akakunja mikono ya shati, akatoa tochi mfukoni.

"Shemeji, ruhusa?"

"Hii hapa," Sindano akasema.

Kiranja alilipekua godoro la shemeji yake mbele ya mama yule na ya mtaa uliojazana mlangoni: mshono wa juu, mshono wa chini, pembe zote, vifungo, nyuma ya kitambaa cha jina la kiwanda. Aligeuza foronya nje ndani. Alimulika miguu ya kitanda na nyufa za ukuta. Aliposimama, tai yake ilikuwa imekwenda begani na magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi.

"Halina doa, halina ganda, halina yai, halina harufu," alisema. "Na harufu, mama, naijua."

Mwenye nyumba ya wageni alimtazama, akalitazama godoro lililofungwa kule nje, akauachia mkono wa kikapu. "Mtu anayejiaibisha kwa bidii kiasi hiki hawezi kuwa anadanganya," alisema. "Binti, nitakuja Ijumaa kuona ya kwanza. Pindo mbili." Akaondoka, na umati ukampisha.

Sindano alitoa jora la juu kikapuni, akalitandaza juu ya meza. Akashika mkasi, akakata kipande cha kwanza. Kisha akatoka nje, akalizunguka godoro la Kiranja pole pole kama anayekagua kochi la mteja, akavuta kamba kuona kama imekaza.

"Umelibeba kichwani?"

"Kichwani."

"Mchana?"

"Saa sita."

"Wamekutazama?"

"Wengine wamekwea madirisha."

"Basi deni langu umelilipa lote, shemeji, sikudai kitu," alisema Sindano. "Sasa jitwike uondoke nalo. Nina wateja."

Kiranja aliinama, akajitwika, akarudi nalo kwa njia ileile.